Arzihali za Majeruhi

Katika kila jeshi ambalo habari zake zimepata kuandikwa mna mtu asiyeshika upanga wala bunduki, na hata hivyo neno lake hupita amri za majemadari wengi. Mtu huyo ni tabibu, ambaye kwa kalamu yake humwingiza kijana katika daftari la askari, na kwa kalamu iyo hiyo humtoa yule aliyekwisha kutoa jicho au mguu wake. Wengi wa waliotolewa humshukuru Mungu, wakapokea haki zao na kurejea kwa watu wao. Lakini wako, na tangu kale wamekuwako, waliotolewa wasikubali kutoka: walioandika arzihali, wakabisha hodi kwa wakubwa, wakajifanya wazima mbele ya halmashauri za matabibu, wakitaka jambo ambalo wengi wetu tungelikimbia. Habari za watu hao ndizo nitakazo kuzisimulia hapa, na mapema niseme nionavyo: kwamba idhini waliyopewa, au waliyonyimwa, haikupimwa sana kwa kipimo cha afya zao, bali kwa haja ya dola siku ile, na kwa cheo cha yule aliyekubali kuwasemea.

Sisi watu wa pwani hatuna haja ya kwenda mbali kuutafuta mfano wa kwanza, maana tumeusikia misikitini tangu utotoni. Surat al-Fat-h imewaondolea lawama kipofu, kiguru na mgonjwa wasiotoka kwenda vitani; na katika mwaka wa tatu wa Hijra, Makureshi walipoujia mji wa Madina na vita vikapiganwa chini ya mlima wa Uhud, alikuwako mtu mzima aitwaye Amr bin al-Jamuh, kiguru aliyechechea sana, naye alikuwa na wana wanne waliokuwa wakitoka pamoja na Mtume. Wana wale walimzuia baba yao kwa mapenzi, wakimkumbusha kwamba Mungu amekwisha kumpa udhuru. Mzee hakuridhika, akaenda kwa Mtume mwenyewe, akawashitaki wanawe. Jibu alilopewa lilikuwa na sehemu mbili ambazo wasimulizi huziharakia mno: kwanza aliambiwa kwamba Mungu amemsamehe na vita si fardhi juu yake, kisha wana wakaambiwa kwamba hapana ubaya wakimwacha aende. Akaenda, akauawa siku ile ile. Udhuru hapa ni haki ya mwenye udhuru, naye aweza kuitumia au kuiacha. Haukufanywa kuwa marufuku juu yake.

Sheria ya Warumi ilishika njia nyingine, na kwa kuwa serikali nyingi za leo zimerithi mengi kwao, yafaa tuitazame. Wanasheria wao waliligawa jambo la kuachiliwa askari mafungu matatu: aliyetimiza miaka yake akatoka kwa heshima, aliyekosa akafukuzwa kwa aibu, na yule ambaye mwili wake ulimwangusha kwa jeraha au maradhi, akaachiliwa kwa udhuru. Bila shaka miongoni mwa hawa wa tatu walikuwamo waliopona wakataka kurudi, maana Kaisari Gordianus wa Tatu, aliyetawala tangu 238 hata 244, alipata kumjibu askari mmoja juu ya jambo hilo, na jibu lake limehifadhiwa katika kitabu cha 12 cha mkusanyo wa sheria wa Kaisari Justinianus. Maana yake ni kwamba waliokwisha kuachiliwa kwa udhuru hawana desturi ya kurudishwa kwa kisingizio cha afya iliyotengenea, kwa sababu hawakuachiliwa ovyo, ila baada ya matabibu kuitaja ila yao na hakimu mwenye mamlaka kuichungua. Ukiyatazama vizuri maneno haya utaona kuwa Kaisari hakusema kwamba askari yule angali mgonjwa. Alichokilinda ni cheti: lililokwisha kuandikwa lisifutwe, hata kama mwili wenyewe umekwisha kulikanusha. Si hoja ya kupuuzwa, maana jeshi ambalo watu wake hutoka na kuingia kila wajisikiapo vizuri lisingekuwa na daftari la kuaminika. Lakini ni hoja ya karani, na tabibu hana sehemu kubwa ndani yake.

Karne nyingi zikapita, na kanuni hii ya karani ikasimama popote palipokuwa na watu wa kutosha. Ilipoanza kutikisika ni pale watu walipopungua. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyoanza mwaka 1861, vilizijaza hospitali za Kaskazini watu ambao hawakuwa wazima wala hawakuwa wa kufa. Wengine mkono umekatwa, wengine kuhara damu kumewakausha, na kila mmoja wao alikula chakula cha serikali asiweze kurudi mstari wa mbele. Machi 1863 Bunge lilipitisha sheria ya kuandika watu kwa nguvu, na wananchi wakaichukia. Na mwezi uliofuata, tarehe 28 Aprili, Wizara ya Vita ikatoa Amri ya Jumla namba 105 ya kuunda kikosi kipya cha majeruhi. Sidhani kwamba ukaribu wa tarehe hizi mbili ni sadfa. Waliokuwa hospitalini walihamishiwa humo. Na waliokwisha kuachiliwa kwa ugonjwa, ambao kwa hukumu ya Gordianus wangeambiwa wakae makwao, sasa waliruhusiwa kujiandikisha upya, mradi walete cheti cha tabibu na ushuhuda wa kwamba walitumika vyema. Walipewa mshahara wa askari wa miguu, ila hawakupewa ile bakhshishi ya fedha waliyopewa waliojiandikisha katika majeshi mengine. Na mwenye pensheni alisimamishiwa pensheni yake muda wote awapo kazini. Mtu aliyekosa mguu, basi, aliyeomba kuitumikia nchi yake mara ya pili, alianza kwa kuacha malipo ya mguu wake.

Walipangwa makundi mawili. La kwanza lilikuwa la wawezao kubeba bunduki na kwenda mwendo wa kiasi, nao walilinda maghala, reli na mateka. La pili lilikuwa la waliokatwa viungo, ambao walipewa silaha nyepesi na kazi za uuguzi, upishi na ukarani hospitalini. Wote walivishwa koti la buluu ya mbingu, na koti hilo halikupendwa hata na wenyewe waliolivaa, kwa kuwa liliwatenga na wenzao wa buluu iliyokoza. Balaa kubwa zaidi lilitoka katika jina. Herufi mbili za jina la kikosi kwa Kiingereza (Invalid Corps), I na C, ndizo zile zile ambazo wakaguzi wa bohari walizipiga muhuri juu ya mapipa ya nyama iliyooza na juu ya nyumbu waliochakaa, kuonyesha kwamba kitu kimekaguliwa kikatupwa. Na askari wazima, kwa ule ukatili wa mzaha usiokosekana kambini, hawakuchelewa kuliona jambo hilo. Hata tarehe 18 Machi 1864 serikali ikalazimika kulibadili jina, wakaitwa kikosi cha akiba cha askari wakongwe. Julai ya mwaka huo Jemadari Jubal Early wa Kusini alipolifikisha jeshi lake kwenye ngome za mji mkuu wenyewe, na majeshi mazima yakiwa mbali Virginia, vilema hawa walikuwamo katika waliosimama kwenye Ngome ya Stevens hata msaada ukafika, Rais Lincoln mwenyewe akiwa amekuja kutazama. Na mwaka uliofuata, walipotundikwa waliohukumiwa kwa njama ya kumwua Rais huyo, walioziangusha nguzo za jukwaa walikuwa askari wanne wa kikosi hiki. Kwa jumla watu wapatao 60,000 walipita humo. Vita vilipokwisha kikosi kikavunjwa baada ya muda mfupi, na vilema ambao jana walihitajiwa wakawa tena vilema.

Vita Kuu ya 1914 ililileta jambo hili karibu nasi. Tazama kwanza habari za Adrian Carton de Wiart, mzaliwa wa Brussels aliyetumikia jeshi la Waingereza, ambaye mwishoni mwa mwaka 1914 alikuwa na Kikosi cha Ngamia katika Somalia ya Waingereza, wakiishambulia ngome ya Shimber Berris ya madarwishi wa Sayyid Muhammad Abdille Hassan. Alipigwa risasi usoni, akapoteza jicho la kushoto. Kwa askari wa kawaida safari ingekoma hapo. Yeye, kwa masimulizi yake mwenyewe katika kitabu alichokitoa mwaka 1950, alisimama mbele ya halmashauri ya matabibu mjini London akaomba kupelekwa Ufaransa. Nao, kwa mastaajabu, wakamwambia kwamba watakubali iwapo atavaa jicho la kioo. Akalivaa, akapita, akatoka nje akapanda teksi, akalitupa jicho dirishani na kujifunga kitambaa cheusi, asilivae tena. Masika ya 1915 huko Ypres alipoteza mkono wa kushoto. Akarudi tena mbele ya matabibu, akapita tena. Na Julai 1916, kwa jicho moja na mkono mmoja, aliongoza watu wake katika kijiji cha La Boisselle kwa namna iliyompatia Nishani ya Victoria. Kisa cha jicho la kioo huchekesha, lakini mimi hunishangaza kwa jambo jingine: hakuna tabibu mwenye akili aliyeamini kuwa kioo kingemsaidia mtu kuona. Kilichotakiwa ni sura ya uzima, ili halmashauri ipate kutia sahihi bila kuona haya.

Wa pili ni Frederick Courteney Selous, mwindaji na mwandishi aliyejulikana sana Uingereza, rafiki wa Rais Theodore Roosevelt, aliyezaliwa siku ya mwisho ya mwaka 1851. Vita vilipotangazwa alikuwa na miaka 62, akaomba kuandikwa, akajibiwa kwamba umri wake hauruhusu. Kwa sheria jibu lilikuwa sawa. Lakini mapema mwaka 1915 Kanali Driscoll alipewa ruhusa ya kuunda batalioni ya watu waliozoea maporini, ya 25 katika Royal Fusiliers, na umri haukuulizwa kwa ukali, kwani vita vya Afrika ya Mashariki vilikuwa vikienda vibaya na watu wenye kuijua Afrika walikuwa wachache. Selous akaingia, akashuka Mombasa na wenzake Mei 1915, na mwezi uliofuata alikuwamo katika shambulio la Bukoba. Mwaka 1916 maradhi yalimrudisha Uingereza kupasuliwa, na hapo palikuwa na mlango mzuri wa kutokea kwa mtu wa miaka 64. Akapasuliwa, akapona, akaomba kurudi, akarudishwa. Tarehe 4 Januari 1917 aliuawa kwa risasi huko Beho Beho, upande wa Rufiji, akazikwa papo hapo. Na pori kubwa lililomzunguka likaja kupewa jina lake, ambalo wazee wetu wa Utete na Mohoro walilizoea kama kwamba ni la kienyeji.

Sasa katika njia ile ile iliyompeleka Selous Beho Beho walipita watu wengine ambao habari zao hazikuwekewa kumbukumbu namna hiyo. Homa ilikuwa imewaangusha askari wa Kizungu na wa Kihindi kwa maelfu. Batalioni ya Driscoll yenyewe ilibaki na wachache wawezao kusimama. Na wakubwa, ambao mwaka 1914 walikuwa na askari wapatao 2,300 tu wa King's African Rifles na hawakupenda kuwaongeza, walilazimika kulikuza jeshi hilo hata likafika batalioni 22 na watu zaidi ya 30,000. Hili pia ni jambo la cheti cha tabibu, ijapokuwa halikuitwa hivyo. Malaria ndiyo iliyoandika upya kanuni ya nani afaaye.

Na nyuma ya askari walikuwako wapagazi. Mwaka 1917, chini ya usimamizi wa John Ainsworth, walikusanywa katika Kenya kwa wingi usiopata kuonekana, na mlangoni akawekwa tabibu wa kuwachuja. Hapo mambo yalipinduka. Bwana mkubwa wa London aliyaficha maradhi yake ili aingie. Kijana wa Kikuyu au wa Mjaluo, aliyeletwa na mzee wa mtaa asiulizwe shauri, alikuwa na tumaini moja tu, kwamba daktari ataona bandama lililovimba au mguu mbovu, aseme huyu hafai. Waliokataliwa walikuwa wengi, na sidhani kama yuko aliyeandika arzihali ya kupinga. Waliokubaliwa walikwenda kubeba unga na risasi katika mabonde ya Rufiji na Ruvuma, wakila chakula wasichokizoea na kisichoiva, na kwa hesabu ya wakubwa wenyewe zaidi ya 40,000 hawakurudi, wengi wao kwa kuhara na homa, si kwa risasi. Mpagazi aliyeugua njiani, akalazwa, akapata nafuu kidogo, hakuulizwa kama ataka kurejea kazini, alirudishwa. Kwake halmashauri ya matabibu haikukaa. Majina ya Kariakoo ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam yametoka kwao, na wafanyabiashara wa leo wa masoko hayo hawana haja ya kulijua hilo ili wauze nyanya.

Katika vita vya pili kisa kinachojulikana zaidi ni cha rubani Douglas Bader. Tarehe 14 Desemba 1931, katika kiwanja cha Woodley karibu na Reading, alirusha ndege chini chini kwa kujionyesha, bawa likagusa ardhi, na miguu yake yote miwili ikakatwa, mmoja juu ya goti na mwingine chini yake. Alijifunza kwenda kwa miguu ya bandia bila fimbo, akarusha ndege tena mbele ya wakufunzi, wakamwona hana kasoro. Na hata hivyo mwaka 1933 aliondolewa katika jeshi la anga, kwa sababu kanuni za mfalme hazikuwa na kifungu juu ya rubani asiye na miguu. Akaenda kufanya kazi ya ofisini katika kampuni ya mafuta. Vita vilipokaribia akaandika, akakataliwa. Vilipoanza akaandika tena, na safari hii akaitwa mbele ya Jemadari wa Anga Halahan, aliyemjua tangu alipokuwa mwanafunzi katika chuo cha Cranwell, naye akampa barua ya kuwapelekea matabibu. Oktoba 1939 alijaribiwa huko Upavon, akafuzu. Mwanzoni mwa 1940 alikuwa na kikosi cha ndege cha 19 huko Duxford, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa amiri wa kikosi chake mwenyewe. Kanuni hazikuwa zimebadilika hata herufi moja tangu 1933. Ukimya wao, uliokuwa sababu ya kumtoa, sasa ukawa sababu ya kumwingiza, kwa kuwa hapakuwa na kifungu kilichomkataza.

Wapendao visa vya ushujaa hukomea hapo, au huendelea hata Agosti 1941, alipoangushwa Ufaransa na mguu mmoja wa bandia ukabaki ndani ya ndege, Wajerumani wakawaruhusu Waingereza kumdondoshea mwingine kwa mwavuli. Mimi hukaa zaidi katika ile barua ya Halahan. Bader alikuwa hodari, hilo halina shaka. Lakini hodari wasiokuwa na Halahan hatuzijui habari zao, na hatuzijui kwa sababu hiyo hiyo.

Baada ya vita hivyo mataifa yalijaribu kulitia jambo hili katika sheria, ili lisitegemee uso wa mtu. Marekani, kwa sheria ya mwaka 1949 ya malipo ya wanajeshi, ilianzisha daftari la muda la waliostaafishwa kwa ugonjwa, ambamo mtu ambaye hali yake haijatulia huwekwa na kupimwa mara kwa mara hata ijulikane kama atarudi kazini au atatoka kabisa. Muda wa juu ulikuwa miaka mitano, na tangu 2017 umepunguzwa kuwa mitatu. Aliyekwisha kutoka kabisa naye aweza kuomba, ila huomba kama kuruta, kwa msamaha maalumu wa kiafya, na anayeutoa ni mkuu wa jeshi analotaka kuingia, ambaye huangalia maradhi kwa jicho moja na upungufu wa watu kwa jicho la pili. Gordianus angalishangaa kuona mlango umeachwa wazi, lakini makarani angaliwatambua.

Wako pia waliokataa kutoka tangu mwanzo. Meja Frederick Franks alipoteza mguu wa kushoto kwa jeraha alilolipata Kambodia mwaka 1970, akang'ang'ania kubaki katika jeshi la mapigano, na mwaka 1991 ndiye aliyekuwa jemadari wa Kikosi cha Saba (VII Corps) cha Marekani katika vita vya kuwatoa Wairaki Kuwait. Rubani Tammy Duckworth, ambaye helikopta yake ilipigwa Iraki tarehe 12 Novemba 2004 akapoteza miguu miwili, aliambiwa kwamba aweza kustaafu kwa ugonjwa. Akakataa, akaomba msamaha wa kiafya, akaupata, akaendelea katika jeshi la akiba la jimbo la Illinois. Alipostaafu kwa hiari yake mwaka 2014, kwa cheo cha luteni kanali, alikuwa amekwisha kuwa mbunge huko Washington, na mjumbe wa kamati ya Bunge inayoyasimamia majeshi yenyewe.